Ingjerd Lognvik na Mguu Uliowekewa Zulia

Ndugu, majirani na marafiki mliokusanyika katika kanisa hili la Rauland, maelezo haya yameandikwa na Torleiv, mume wa marehemu, ambaye ameniomba mimi Sveinung, mdogo wake marehemu, niyasome.

Ingjerd alizaliwa hapa Rauland tarehe 3 Machi 1949, akasoma hapa, kisha Bø, na mwaka 1973 akahitimu shahada ya muziki jijini Oslo, akaajiriwa kukusanya muziki wa fidla wa mabonde yetu na kuuandika kwa nota, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2016.

Oktoba 1975 alimrekodi mzee Gunnulv, mpiga fidla wa mwisho aliyeijua springar ya bonde lake, ngoma ichezwayo wawili wawili, na kwa kuwa mzee alipiga mguu sakafuni kufuata mapigo na kishindo cha kiatu chake kiliharibu kanda, alimtandikia zulia chini ya mguu, akarudi nyumbani, akaandika tatu juu ya nne mwanzoni mwa mstari, yaani mapigo matatu yaliyo sawa. Alipomrudia na kumpigia kutoka kwenye karatasi, mzee aliweka kahawa chini.

“Hii wolzi, binti, ile ngoma ya mjini ya mapigo sawa. Nani kaipiga pasi springar yangu?”

“Nimeandika nilichosikia, mzee.”

“Ulisikia fidla. Mguu uliuwekea zulia mwenyewe!”

Mzee alifariki majira ya baridi yaliyofuata, kabla hajarekodiwa tena.

Tarehe 26 Juni 1976 Ingjerd alifunga ndoa na Torleiv, aliyekulia bonde la Gunnulv na kuicheza ngoma hiyo ujanani, na mwaka 1979 wakajaliwa binti, Eldbjørg. Kwa miaka mingi aliuweka wimbo huo nje ya vitabu vyake vyote, akajaribu tano juu ya nane, akajaribu nane juu ya nane, akafuta, wenzake kazini wakamwambia, “Weka tatu, mama, twende nyumbani,” naye akabaki peke yake na kanda isiyo na mguu. Torleiv akicheza peke yake hatua zilimpotea, na Ingjerd akicheza naye hakuweza kuitazama miguu yake.

Novemba 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Februari iliyofuata, jikoni kwao, Torleiv alicheza na jirani yao Gyro, ambaye hakuna aliyefikiria kumwomba kabla, viatu miguuni, juu ya mbao tupu, Eldbjørg akiupiga wimbo huo kwa fidla, na Ingjerd, akiwa kitini, akatazama miguu tu, kisha akaandika tatu juu ya nne, na chini ya mstari akachora vijistari vya mguu, kimoja kirefu, cha pili cha wastani, cha tatu kifupi.

“Ni tatu, Torleiv,” alisema. “Ila hayalingani. Kama sisi watatu, wewe, mimi na Eldbjørg.”

Alifariki tarehe 19 Aprili 2022, nyumbani, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Gyro na majirani wote walioleta chakula, na wenzake wa kazini, ambao wameuchapa wimbo huo kama alivyouacha.

Sasa Eldbjørg ataupiga. Zulia la mbele ya jeneza limekunjwa, ili mguu wake usikike. Torleiv atabaki kitini, kwa sababu springar haichezwi na mtu mmoja.

Pumzika, Ingjerd, kwa amani uliyoitafuta.