Mtunzi wa Kisima cha Saba

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimwita Ramani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi saa, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, sekondari hadi 1976, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu masomo ya umeme mwaka 1979, akaajiriwa kwenye karakana ya redio na televisheni, na huko ndiko alikokutana na swahiba wake, ambaye leo ni mkurugenzi na amekaa mstari wa mbele.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1985 na 1989.

Mwaka 1986, kwenye stoo ya karakana ile, wawili hao walianza kutengeneza mchezo wa kompyuta, Kisima cha Saba, swahiba akiandika programu, marehemu akichora vyumba vyote arobaini kwenye madaftari ya hesabu na kutunga mafumbo yote, na ulipotoka tarehe 9 Juni 1987 ulikuwa na majina yao mawili na kosa moja, kwamba ngazi ya kisimani ina vidato kumi na tatu ukishuka na kumi na viwili ukipanda, kwa kuwa aliihesabu ngazi ya nyumbani, ambako kila alipopanda na binti mkubwa begani aliruka kidato kimoja kibovu. Wachezaji walilipenda kosa hilo kuliko mchezo wenyewe.

Ulipotolewa upya mwaka 1996, jina la marehemu lilisukumwa ukurasa wa mwisho, akameza uchungu. Mwaka 2003, ulipoandaliwa kwa ajili ya simu, swahiba alimpigia kuuliza kama ngazi irekebishwe, marehemu akasema iachwe, akamwambia mama kwa furaha kwamba hatimaye wamemkumbuka, na ulipotoka akaucheza siku nne mpaka mwisho, akakuta jina moja tu, na si lake. Alipoandika barua kuuliza, swahiba alimjibu, "Wachezaji hawasomi majina." Tuseme ukweli mbele ya jeneza lake, iliuma, na mchezo huo hakuugusa tena.

Alianza kuugua figo Agosti 2023, akalazwa mara tatu, akafariki Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti, wenzake wa karakana, na mkurugenzi pia, kwa shada lenye kadi aliyoiandika kwa mkono wake, "Kwa mtunzi wa Kisima cha Saba", na chini yake jina kamili la baba, ambalo hakuliandika popote tangu mwaka 2003. Baba, sisi tumelisoma. Sasa pumzika, kwa amani.