Bwana Duwal na Filimbi za Kliniki ya Kifua

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwafundisha watu wa mji wetu wa Bhaktapur, Nepal, kupumua, Bwana Tulsi Ram Duwal, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kliniki yetu ya kifua, anastaafu siku ya mwisho ya mwezi wa Asar, katikati ya Julai. Alianza na kiti kimoja na maputo ya kupuliza. Wagonjwa, wengi wao akina mama walioharibiwa mapafu na moshi wa kuni, waliyapeleka maputo nyumbani kwa wajukuu.

Ndipo akaleta filimbi za mianzi, akaeleza kwamba mpiga filimbi hujifunza kutoa pumzi polepole. Wagonjwa walikubali, ila kwa desturi ya mji: anayejifunza muziki hasikiwi na mtu wa nje mpaka siku ya kumtolea sadaka Nasadyah, mungu wa muziki. Basi wakafunga madirisha, wakaziba mlango kwa blanketi, wakawasha ubani. Watu kumi na mmoja wenye mapafu mabovu wakakohoa hadi daktari akavunja kikao. Bwana Duwal, bila kutabasamu, alikwenda kwa kuhani, wakaafikiana kwamba ubani utolewe bila kuwashwa. Nasadyah hajalalamika hadi leo.

Kati ya wanafunzi hao alikuwemo Mama Hera Devi Suwal, mwenye miaka sabini na miwili. Jiko lake liko ghorofa ya nne, na kwa miaka mitatu hakulifikia. Mkamwana alimletea chakula chini kama mgeni. Alituambia wazi kwamba habari za kupona hazimhusu. Alitaka kurudi jikoni kwake kabla hajafa.

Baada ya miezi minane ya filimbi, alipanda. Bwana Duwal alimfuata na kipimo cha oksijeni, nami nyuma yao nimebeba kiti, roho mkononi. Mama aliketi mara mbili, akatoa pumzi taratibu kama alivyofundishwa, akaendelea. Alipofika juu aligeuka, akamkuta mwalimu wake ameegemea ukuta, hoi.

“Kaa, mwanangu,” akamwambia. “Hebu lete hicho kidude nikupime wewe.”

Alimpima. Kisha akamfukuza mkamwana mekoni, akatupikia wali.

Bwana Duwal, tunakushukuru, na kusema kweli tunaumia kukuacha uende. Ustaafu wako uwe mrefu, wenye afya na ngazi chache.