Taa ya Tatu

Pale barabara ya boma inapokata kona kushuka mto Themi, palikuwa na gogo la mringaringa. Wafungwa wa mnyororo waliliangusha mwaka ule walipochimba mtaro, wakachoka kulivuta, wakaliacha kando ya njia. Arusha ya Wadachi ilikuwa mji wa kusukumwa: sogea, beba, chimba, lipa. Mahali pa kukaa mtu akapumua palikuwa hapo tu, na kila alasiri watu watatu walikuja kukaa. Wa nne alikuwa keshafika zamani, amewasha makaa, anawachemshia kahawa. Huyo wa nne ndiye Kasubi, mzee wa Kinyamwezi mwenye mguu mmoja uliokauka, aliyekuja huku na msafara akiwa mpagazi. Mguu ulivunjika, msafara ukaendelea na safari, yeye akabaki. Huu ulikuwa mwaka wa sita. Wale watatu walimwita Dele, kwa ajili ya dele lake la shaba la kuchemshia kahawa, na jina lenyewe lilianza siku ya kwanza, mmoja wao aliposema, “Ewe mwenye dele, hebu mimina.” Kasubi hakumsahihisha. Alidhani kesho yake watamuuliza jina.

Siku hiyo wa kwanza kutokea alikuwa Saning'o, mfagizi wa boma. Walimwita Simu, kwa sababu habari za bomani zilimfikia yeye kabla hazijatokea.

— Shikamoo, Dele.

— Marahaba. Kaa. Mbona unahema?

— Baraza limekwisha! Ngoja wenzangu waje, sitaki kusema mara tatu.

Wenzake hawakukawia. Alikuja Sumari, Mmeru, seremala, ambaye kwenye misheni alisoma nusu mwaka akatoroka, kwa hiyo jina lake kijiweni likawa Nusu. Nyuma yake alikuja Lengai, Mwarusha wa upande wa Sombetini, akichechemea kidogo. Yeye aliitwa Mara Mbili, kwa sababu alikwisha kutumbukia kwenye mtaro ule mara mbili, na mara zote mbili alikuwa mzima, hajaonja tone la pombe. Giza tu. Kasubi aliwapa vikombe, akakaa kwenye ncha yake ya gogo, mguu mbovu ameunyoosha.

— Haya, Simu, lia, alisema Lengai.

— Taa zimefika. Tatu. Zimetoka Tanga ndani ya majani makavu kama mayai, na vioo vyake havina ufa. Majumbe wamebishana siku tatu zitundikwe wapi. Ya kwanza, lango la boma. Hiyo hakuna aliyefungua mdomo. Ya pili, darajani. Ya tatu ndiyo vita. Wengine wanasema kwenye duka la nguo. Wengine wanasema hapa, kwenye kona, maana mtaro umekwisha kula watu.

— Umenila mimi!

— Wewe umeandikwa, Mara Mbili. Jumbe alikutaja barazani.

Lengai alijinyoosha. Katika maisha yake hajawahi kutajwa mahali popote penye meza.

— Na kuna amri nyingine, Simu aliendelea, na hapo alishusha sauti. Njia ya serikali sasa ni hatua kumi na mbili, toka ukingo hata ukingo. Chochote kilichomo kitoke. Kibanda, mbuzi, gogo.

— Gogo gani?

— Ero, kwani umekalia nini?

Wote walitazama chini. Sumari aliupapasa mti kwa kiganja, kiseremala, akiupima.

— Lakini, alisema Simu, taa ikiwekwa hapa, gogo linabaki. Mwangalizi wa taa lazima awe na pa kukaa, ndivyo alivyosema Bwana Shauri mwenyewe, Mdachi wa boma. Taa ikienda dukani, gogo hili kesho asubuhi ni kuni za jiko la askari. Karani anapita leo hii kuandika. Karani mgeni, wa Tanga, amekuja juzi.

Kasubi alikuwa anapuliza makaa, na hakuinua uso. Hakutaka wauone. Mtu asiyewahi kukaa peke yake hawezi kujua saa ile ilivyo, jua linapoingia nyuma ya miti, na mmoja anasema “haya, giza hilo, mtaro huo,” na wote watatu wananyanyuka pamoja, wanakwenda zao kwa wake na watoto na mbuzi. Kahawa inabaki na joto lake. Vikombe vinabaki na alama za midomo yao. Kasubi alivichukia vikombe vile saa hiyo. Pangekuwa na taa, watu wangekaa kidogo zaidi, labda mpaka tarumbeta ya boma, na katika hicho kidogo mtu anaweza kuulizwa ametoka wapi, na mama yake alimwitaje. Ndilo alilolitaka, wala hakulionea haya moyoni mwake. Na kazi yenyewe aliiweza. Safari nzima toka pwani alibeba kichwani sanduku la taa za Mzungu mmoja, akizisafisha vioo kwa majivu kila jioni, na hakuvunja hata kimoja.

— Mwangalizi si huyu hapa? alisema Lengai. Dele yupo hapa kabla ya jua na baada ya jua.

— Dele kabisa, alisema Simu.

— Mchagua jembe si mkulima, alisema Sumari.

— Hiyo imeingiaje hapa, Nusu?

— Imeingia. Nyinyi hamkusoma.

Kasubi aliwamiminia tena.

— Sasa tupange maneno, alisema Simu. Karani atauliza: kwa nini taa iwe hapa? Tusijibu kitoto. Kwanza tujue wenyewe Wadachi wanazitakia nini. Mimi nimewaza. Taa ile ni ya kodi. Askari atakaa gizani, wewe utapita kwenye mwanga, atakuhesabu. Ukipita mara mbili, vichwa viwili.

— Basi mimi nimekwisha, alisema Lengai.

— Aa wapi! alisema Sumari. Kodi wanahesabu mchana. Misheni niliona darubini, mtu anatazama Kilimanjaro anaona hata theluji inavyokaa. Sasa mfalme wao kule Ulaya anayo kubwa zaidi. Mchana anatuona. Usiku hatuoni. Amekasirika, ameleta taa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Aliyevunjika guu ni mimi, alisema Kasubi, na sijamsikia mkuu wala mdogo.

— Ndiyo maana yake hiyo.

— Nyote hamna akili, alisema Lengai, naye sasa amepandwa na joto la kahawa. Sikilizeni mtu wa mifugo. Kuku akiona mwanga anadhani kumekucha. Anataga. Ukizima, ukiwasha, anataga tena. Boma wanakula mayai kupita kiasi, kila mtu anajua. Baada ya mwezi mmoja majogoo wote wa mji huu watakufa kwa kuwika.

— Na watu?

— Na watu watapigiwa kengele ya kazi mara mbili. Usiku wataufuta kabisa.

Hapo Simu aliweka kikombe chini, uso umemwiva.

— Ngoja. Giza likifukuzwa hapa linakwenda wapi?

— Wapi?

— Haliwezi kufa. Giza halifi. Litasukumwa, kama sisi. Toka bomani litashuka, toka darajani litapanda, toka hapa kwenye kona litakwenda magharibi. Litajazana Sombetini, Mara Mbili! Usiku wa kwenu utakuwa mzito maradufu. Ng'ombe wako hatamwona ndama wake.

Lengai alionekana kweli anaogopa.

— Basi taa isije, alisema.

— Ikija hapa gogo linabaki, we!

— Gogo ni gogo. Mimi nina watoto sita.

— Penye wengi hapaharibiki neno, alisema Sumari, wakati ambapo neno lilikuwa limekwisha kuharibika na wote wanapiga kelele kwa pamoja: huyu darubini, huyu mayai, huyu giza la Sombetini. Kasubi aliwatazama mmoja mmoja. Aliwapenda. Alijua Lengai anakunywa kahawa bila kupumua, na Sumari mkewe Penina ana ujauzito wa tatu, na Simu usingizi wake ni mbaya tangu mwaka wa vita vya mlimani. Hayo yote aliyajua kwa kusikiliza tu.

Karani alifika akiwa ameshika daftari chini ya kwapa, kanzu yake nyeupe ina tope mpaka magotini. Mtaro ulikuwa umekwisha kumkaribisha. Aliwasalimu kwa adabu ya pwani, akampa shikamoo Kasubi, akakataa kukaa, akafungua daftari akiwa amesimama.

— Hamjambo wenyeji. Mimi nimepewa kazi ya taa ya tatu. Nimeuona mtaro wenyewe, sina haja ya maelezo. Nadhani taa ni hapa.

Hoja zote za wale watatu zilikufa bila kuzikwa.

— Nani atawasha?

— Huyu! walisema kwa pamoja, vidole vitatu vikimwelekea Kasubi.

— Vizuri. Sasa, mzee wangu, samahani, wewe nyamaza kidogo. Utaratibu wa boma ndio huu: mtu hajitambulishi mwenyewe. Kule Tanga mwangalizi mmoja alijipa jina, akajipa na nyumba, asubuhi hakuna mtu, hakuna taa. Tangu hapo, mwenye kushika kitu cha serikali anatajwa na wanaomjua. Wawili wanatosha, na hapa mko watatu. Haya. Jina lake nani?

— Dele, alisema Lengai.

— Hilo ni la chombo. Jina lake.

Lengai alimtazama Sumari. Sumari alimtazama Simu, na Simu, ambaye hajawahi kukosa habari, alitazama kikombe chake.

— Ni Mnyamwezi, alisema Simu mwishowe.

— Wanyamwezi wako wengi, ndugu yangu.

— Ni mtu mzuri sana, alisema Lengai. Hana ugomvi.

— Naandika jina. Nyumba yake iko wapi?

Kasubi alikaa kimya kama alivyoambiwa. Kufungua mdomo lilikuwa jambo jepesi, na karani huyu hakuwa mtu mbaya. Lakini kwa miaka sita hakuwahi kulitamani neno lolote kama alivyolitamani jina lake litoke kinywani mwa mmoja wao, hata likitoka limepinda, hata nusu yake. Aliwasubiri. Alimtazama Lengai zaidi, kwa sababu mara ya pili alipotumbukia ni Kasubi aliyemvuta kwa fimbo, akamfunga goti kwa kitambaa chake mwenyewe, na usiku ule karibu wafike mlangoni kwa Kasubi mwenyewe.

— Huwa... huwa yuko hapa, alisema Lengai.

— Tukija yupo, alisema Sumari. Tukiondoka yupo.

Hakutia methali.

Karani alingoja kwa subira, akahesabu pumzi kadhaa. Halafu alifunga daftari taratibu, na ilionekana wazi kwamba lilimuuma.

— Kwenye duka la nguo walinitajia mtu, na baba yake, na babu yake. Sina la kufanya. Nisameheni. Karani alitoa kipande cha chokaa mfukoni, akachora msalaba mkubwa kwenye gogo, katikati ya Sumari na Simu, ikabidi wasogee. Kesho asubuhi na mapema watakuja kulichukua. Msije mkalikalia.

Akaenda zake, akikanyaga kwa uangalifu mbali na mtaro.

Huko juu wingu lilikuwa limeshuka likaukata mlima Meru kiunoni. Lengai ndiye aliyegeuka.

— Mzee. Kwani wewe hasa unaitwa nani?

— Kasubi.

— Kasubi, alisema Lengai.

— Kasubi, alisema Sumari, na Simu naye akalisema, kila mtu kwa lafudhi yake. Mzee alilisikia mara tatu, na macho yakamjaa machozi, na hakuyaficha.

— Jina zuri, alisema Simu. Na unakaa upande gani?

— Ng'ambo ya mto. Unapita zizi la punda wa serikali, unaingia kwenye migomba, ni kibanda cha mwisho.

— Loo, kule! Kule mbali. Na giza.

— Ndiyo. Kuna giza.

Jua lilikuwa limekwisha kuingia nyuma ya miti. Lengai aliutazama mtaro, kisha akaona haya kuwa ameutazama. Hata hivyo wakanyanyuka pamoja, wakarudisha vikombe kwa mikono miwili, jambo ambalo hawakulifanya siku nyingine.

— Haya, mzee Kasubi, alisema Lengai. Tutaonana kesho.

— Inshallah, alisema Kasubi. Wapi?

Walisimama pale barabarani, watu wazima watatu, wakawa wanatazamana.