Fundo la Sumie

Wasikilizaji wapendwa, leo sichezi muziki. Mimi ni Matsuzo wenu, niko hapa kwenye redio ya bonde letu la Orite, na nina neno zito la kuwaambia. Bi Hisano Uematsu ametutoka. Alifariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka themanini na tisa. Narudia kwa walio shambani na redio iko mbali: Bi Hisano Uematsu, fundi mkuu wa daraja letu la mitambaazi, hatunaye tena.

Tusidanganyane. Mgeni akija Orite, hakufuata uso wangu wala mishikaki ya tofu, ile jibini ya soya, anayochoma mke wangu dukani kwetu. Amefuata daraja. Anafika katikati, anachungulia maji ya kijani chini, anashika kamba kwa mikono miwili na kumwita mama yake. Sisi tumesimama ukingoni tunacheka kimoyomoyo. Daraja hilo halina kamba ya kiwandani inayoonekana. Ni mitambaazi ya mlimani, mimea inayoparamia miti, iliyokatwa wakati wa baridi, ikapashwa moto mpaka ikalainika, ikafungwa fundo kwa fundo. Na kwa zaidi ya miaka arobaini, mkono uliosimamia mafundo hayo ulikuwa wa Bi Hisano.

Zamani wazee walimwambia kazi ya mwanamke ni kuwachemshia wafungaji chai. Akawajibu, "Chai iko tayari. Sasa nipisheni." Mdomo wake, jamani! Mimi mwenyewe aliniambia sauti yangu inafaa kufukuzia nguruwe mwitu. Na bado kila asubuhi alifungua redio kunisikiliza.

Lakini leo nataka kuwasimulia majira ya baridi yale, miaka kumi na miwili iliyopita, kimbunga kilipokuwa kimetuchukulia daraja lote. Tulianza upya. Sumie, mke wa mwanawe Tadao, alikabidhiwa kwa mara ya kwanza upande mzima wa kufunga. Bi Hisano akawa anapita nyuma yake akikagua. Akafika kwenye fundo moja, akaligusa. Halafu akalifungua. Mbele ya watu wote.

Ninyi wa bonde hili mnajua maana yake. Fundo la mwenzako hulifungui. Likilegea unamwita mwenyewe, alifungue kwa mkono wake. Ukimfungulia umemwambia kwamba angeua watu. Tuliokuwepo tuliangalia chini, kila mtu akajifanya anatafuta kisu chake. Sumie alivua glavu, akaziweka juu ya mbao, akashika njia ya mlimani inayozunguka mto, kwenda kwa wazazi wake ng'ambo.

Hakurudi. Daraja likakamilika, isipokuwa fundo lile moja, na sisi tukakwama. Mila yetu ni moja: wa kwanza kuvuka daraja jipya ni jozi tatu za mume na mke wa nyumba moja. Babu na bibi, kisha mwana na mkewe, kisha mjukuu na mkewe. Bila hao halifunguliwi. Na bonde limezeeka, wasikilizaji. Nyumba hii mjane, nyumba ile kijana yuko Osaka anasema ataoa mwakani, na mwakani yake haifiki. Nyumba iliyokuwa na jozi tatu kamili ilikuwa moja tu, ya Uematsu. Na Sumie hayupo.

Nyumba za wageni zilikuwa zimeshapigiwa simu kuambiwa siku ya ufunguzi. Mtu mmoja akashauri tukodi mwanamke wa mjini, avae kimono, avuke na Tadao, nani atajua? Mzee Kanekichi, mume wa Bi Hisano, alimkazia macho. "Nikodishe mkwe? Kwani mkwe ni mwavuli?"

Tukamsukuma Tadao akamlete mkewe. Bi Hisano akakataa. "Hakumkimbia mumewe. Amenikimbia mimi." Akavaa viatu vya theluji, akaenda peke yake.

Yaliyofuata namwachia Sumie, kama alivyonisimulia. "Nilimwona anapanda kuja kwetu, theluji inamfika magotini. Nikasema leo nitagombezwa mpaka basi. Mama yangu mzazi akamkaribisha ndani, yeye akakataa kuketi. Akaniuliza, 'Sumie, fundo lako lilikuwa zima?' Nikamwambia, 'Lilikuwa zima, Mama.' Akasema, 'Nilijua tangu nilipoligusa.' Nikamuuliza, 'Sasa ulilifungua kwa nini?' Akasema, 'Lilikuwa zuri kuliko langu. Nikaona wivu.'"

Sumie naye si mtu wa kuchezewa. Akamwambia, "Basi Mama, kayaseme hayo pale pale ulipolifungua."

"Haya. Vaa viatu twende."

Siku ya ufunguzi, kuhani yupo, wakubwa wa mkoa wapo, kamera zipo. Bi Hisano akasimama mbele ya daraja akasema kwa sauti, "Nilifungua fundo la mkwe wangu lisilo na kasoro, kwa wivu. Sumie, lifunge tena." Tukasubiri kwenye baridi, ngoma kimya, mpaka Sumie akamaliza. Ndipo Bi Hisano akatangulia na mzee wake, kama mila inavyotaka. Alipofika kwenye fundo lile akasimama, akaliegemea kwa uzito wake wote. Mimi nililia, na sioni aibu kusema.

Juzi, kwenye mkesha, Sumie alinivuta pembeni. "Matsuzo, dukani kwenu mnawasimulia wageni kwamba Mama alinisamehe. Acheni. Mimi sikumkosea. Mama ndiye aliyeniomba msamaha, mbele ya watu. Ndiyo maana nimemwosha kwa mikono yangu." Basi nimesema, na narudia: Bi Hisano ndiye aliyeomba msamaha.

Mzee Kanekichi, pole sana. Tadao na Sumie, na wewe mjukuu Kengo na mkeo Asami, poleni. Bonde zima linalia nanyi. Na sisi wengine tujiulize, yupo ambaye tumemfungulia fundo lake hadharani, tukangoja yeye ndiye arudi?

Kesho saa nne asubuhi Sumie atavuka na chungu chenye mifupa ya mama mkwe wake, iliyobaki baada ya mwili kuchomwa, kuipeleka hekaluni ng'ambo. Wageni watasimamishwa kidogo. Wakiuliza kuna nini, waambieni mwenye daraja anavuka.