Ugali Usiotoa Jasho

Gari la Ikonge lilikuwa halijatoka Nyamira, na tayari mama mzee mbele yangu alikuwa ameihukumu hotpoti ya jirani yake.

"Msichana wangu, hiyo itafanya ugali itoe jasho."

Jirani, mwalimu kijana aliyeipakata kama mtoto mchanga, akacheka. "Mama, unatandika tu kitambaa chini ya ugali. Na ni bei rahisi."

"Ekee ya mama yangu haikutaka kitambaa. Hicho kikapu alikisuka mwenyewe, na mabua ya wimbi. Baba akitoka soko ya Nyaramba jioni, anapata ugali bado moto, na kavu."

Mimi, ambaye sikuulizwa, nilisikia harufu ya wimbi.

"Sasa hiyo ekee iko wapi, mama?" mwalimu akauliza.

"Kijana wangu aliipeleka Nairobi. Ameitundika ukutani, juu ya televisheni. Nikienda kumwona, nakula ugali ya hotpoti nikiiangalia."

Mwalimu akaifunika hotpoti kwa leso yake.

Tulipofika Ikonge mama alishuka, akapiga hatua mbili, kisha akarudi dirishani.

"Hicho kitambaa," akauliza, "unakikunja mara ngapi?"