Kisanduku cha Wodi ya Watoto Wachanga

Benchi letu limeegemea ukuta wa hospitali, hatua chache kutoka lango la magari. Mama Buli anauza kahawa hapo tangu alfajiri. Fundi Waya ndiye aliyepitisha nyaya za mtandao wodini. Redio, karani mstaafu wa bohari, hana swichi ya kumzima. Asubuhi ile tulikuwa na Breki, dereva wa lori. Mwanawe wa kwanza, wa siku tano, alizaliwa kabla ya siku zake, akawa kitanda nambari nne, amefungwa mguuni kifaa kinachohesabu pumzi. Breki alishika karatasi ya hospitali ya kuridhia kifaa kipya, ambayo hakuwa ameitia sahihi.

— Fundi, nieleze tena, alisema Breki. Polepole.

— Kifaa cha mguuni kinahesabu tu, hakiamui. Hesabu inasafiri hadi kwenye kompyuta kubwa huko nchi za watu. Huko ndiko wanakojua kama mtoto anapumua sawasawa. Jibu likirudi, kengele inalia.

— Na jana?

— Jana mtandao ulikuwa mzito. Kengele ya kitanda cha pili ililia dakika tatu baada ya muuguzi kuona kwa macho yake kuwa mtoto havuti pumzi.

Mama Buli akaacha kumimina.

— Dakika tatu! Mimi nikimchelewesha mteja dakika moja natukanwa.

— Ndiyo maana wameleta kisanduku, kipo ukutani mle mle wodini. Kinapokea hesabu hapo, kinaamua hapo. Mbali unapelekwa muhtasari tu, wa kuhifadhi. Zile kompyuta za mbali wanaziita wingu. Hiki wanakiita ukungu, kwa kuwa ni kama wingu lililoshuka karibu na watu.

— Ukungu! Redio akadakia. Breki, wewe unaendesha lori. Ukiona ukungu barabarani unafanya nini?

— Napunguza mwendo.

— Mwenyewe umesema! Na haitaishia hapo. Leo kisanduku kinaamua pumzi. Kesho kila kitanda kitakuwa na chake. Keshokutwa vitanda vitaitisha kikao, vipige kura nani aruhusiwe kwenda nyumbani. Daktari akibisha hodi ataambiwa: subiri nje, tuna mkutano!

Tulicheka. Breki naye alicheka, kidogo.

— Tena kompyuta ya mbali haina upendeleo, Redio aliendelea. Cha karibu kitazoeana na wauguzi. Yule muuguzi mkali akipita, kitanyamaza kwa woga.

— Kitu kisicho na moyo kitamwogopa nani? nikauliza.

— Mzee, kunywa kahawa yako.

Breki hakucheka safari hii.

— Lakini zile za mbali zimeona watoto wa dunia nzima, Fundi. Hiki kisanduku kimemwona nani?

Ilikuwa hoja nzito kuliko zote tulizosikia. Fundi Waya alikizungusha kikombe chake kitupu.

— Kilifundishwa na hizo hizo za mbali, kikaletwa hapa kikiwa na walau sehemu ya ujuzi huo. Hakijui yote. Lakini mtoto akisahau kuvuta pumzi, utamwita bingwa aliye ng'ambo au mkunga aliye mlangoni?

Breki aliitazama karatasi.

— Wa mlangoni, alisema.

Nikampa kalamu. Alitia sahihi akiwa ameikunjua karatasi juu ya goti.

Hapo akatoka langoni muuguzi ambaye hatukuwa tumemwona kabla.

— Baba wa kitanda cha nne?

— Mimi, dada.

Alipokea karatasi, akaipitia.

— Sahihi ipo. Hapa juu umeacha wazi. Vitanda tunavibadilisha, kwa hiyo kisanduku hakitumii nambari. Mtoto anaitwa nani?

Siku tano tulikuwa tumemuulizia kwa jina la kitanda cha nne, wala hatukuona kasoro.

— Bado, alisema Breki. Nilisema nitampa akishatoka. Ukishampa mtu jina, halafu...

Muuguzi aliikunja karatasi.

— Natoka kwake sasa hivi, alisema. Anapumua. Umeshamwona?

— Kupitia kioo.

— Kioo kina mvuke, kaka. Njoo unawe mikono.

Breki alisimama, akafuta viganja kwenye suruali kana kwamba kunawa kulianzia pale pale, akavuka lango akiwa mbele ya muuguzi.