Mwalimu Lazarus Wachira Mungai, Aliyewasemea Waliotangulia

Mwalimu Lazarus Wachira Mungai alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Mutuini, Dagoretti, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mungai na marehemu Mama Wanjiku. Hata nyumbani aliitwa Mwalimu, naye aliitika.

Alisoma shule ya misheni karibu na kwao, akaendelea na sekondari huko Kikuyu, kisha mwaka 1972 akajiunga na chuo kikuu kusomea saikolojia. Wenzake wengi walilenga ushauri nasaha na kazi za ofisini. Yeye alivutwa na maswali mengine: watu wa zamani waliichunguzaje akili ya binadamu, na kwa nini walidhani wanaona sawa?

Kuanzia 1980 alifundisha historia na falsafa ya saikolojia katika chuo kimoja katikati ya jiji. Waliopita mikononi mwake wanakikumbuka chumba cha ghorofa ya nne, madirisha wazi, wachuuzi wakinadi huko chini, na Mwalimu akingoja honi zipungue ndipo aendelee. Hakupenda historia inayowapanga mabingwa foleni, kila mmoja akimshinda akili aliyemtangulia. Sheria yake ilikuwa moja: kabla ya kumkosoa mtu aliyekufa, simama mbele ya darasa umsemee. Eleza alikuwa akijibu swali gani, kwa namna ambayo yeye mwenyewe angekubali. Kisha uliza, "Nimesema sawa?" ukae chini, usikilize.

Siku moja zamu ilimwangukia Jacklyne Atieno. Alipewa daktari wa enzi za ukoloni aliyeandika kwamba Mwafrika hana huzuni ya ndani.

"Huyu simsemei, Mwalimu," alisema.

"Msemee kwanza. Ukimaliza, tutajua pa kumshikia."

Jacklyne alimsemea mpaka mwisho, akakaa chini. Alipoinuka tena kumkosoa, alijua pa kumshikia.

Tarehe 6 Desemba 1980 Mwalimu alifunga ndoa na Everlyn Nyokabi, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi Lavington. Sheria ile aliileta mpaka sebuleni. Wakikosana, aliyaeleza malalamiko ya mkewe vizuri kiasi kwamba siku moja Mama Everlyn alimwambia, "Baba Shiku, niachie kidogo nikasirike mwenyewe."

Mwaka 2011 chuo kilitaka kuifuta kozi yake. Walioipinga walisema wanafunzi wanahitaji ujuzi wa kazi, si habari za marehemu. Mwalimu alisimama kikaoni na, kama kawaida yake, akaanza na hoja zao. Alizieleza vizuri kuliko walivyozieleza wenyewe. Akauliza kama amesema sawa, akakaa chini kuwasikiliza. Mwenyekiti alimshukuru kwa kuwamalizia kazi, kura zikapigwa, kozi ikafutwa kabla hajafikia hoja zake. Jioni ile alimsimulia Mama huku akicheka, ila chai yake ilipoa bila kuguswa. Tangu hapo alifundisha Jumamosi katika ukumbi wa kanisa huku Dagoretti, akimpokea yeyote aliyetaka kuja, hata baada ya kustaafu mwaka 2016.

Mwaka 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Sauti ilififia taratibu. Julai mwaka huu Jacklyne, ambaye sasa ni mhadhiri katika idara aliyofundisha Mwalimu, alikuwa aende mbele ya kikao kuomba kozi irudishwe. Alikuja Mutuini kumuuliza kama aanze na hoja za wapinzani. Mwalimu alimshika mkono.

"Anza nao," alinong'ona. "Lakini usikae chini."

Kozi ilirudishwa. Jacklyne alipopiga simu, Mama alimwekea Mwalimu sikioni. Hakuuliza kura zilikuwa ngapi. Aliuliza wapinzani walisema nini, akataka aelezwe polepole.

Mwalimu aliaga dunia nyumbani asubuhi ya Jumatano, tarehe 27 Agosti 2025, mkewe akiwa kando yake. Ameacha mjane, Everlyn Nyokabi. Watoto, Shiku, Ken na Anita. Wajukuu, ndugu, na wanafunzi waliotapakaa nchi nzima. Jumatatu ijayo Jacklyne ataingia darasani kufundisha kozi ile, mbele ya vijana ambao hawakuwahi kumwona Mwalimu.

Bwana ampokee, na pumziko lake liwe la amani.